Hulka, Malezi na Mahali: Mhadhara juu ya Misingi ya Tabia za Binadamu



Kila mzazi aliyejaliwa watoto zaidi ya mmoja anajua, kabla hajafungua kitabu chochote cha elimu ya nafsi, kwamba watoto hawaji duniani sawasawa. Mmoja huamka akilia na hulala akilia, hataki kushikwa na mgeni wala kubadilishiwa uji. Wa pili, aliyetoka tumbo lile lile na kunyonya ziwa lile lile, huenda kwa kila mkono unaonyooshwa na akatulia humo. Wazee wetu waliliona jambo hili na wakalitolea hukumu mbili zisizopatana: walisema mtoto wa nyoka ni nyoka, na walisema pia mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wala hakuna baraza lililokaa likaamua ipi ishikwe na ipi iachwe, bali kila mmoja wetu huichukua ile imfaayo kwa saa ile, ya kwanza anapomsema mwana wa jirani, na ya pili anapojisifia wa kwake.

Shabaha yangu leo ni kuzipitia dalili ambazo taaluma ya saikolojia imezikusanya juu ya ikhtilafu hiyo, na kuonyesha zinatupeleka wapi. Neno langu ni moja, na ningependa lijulikane mapema ili msikilizaji apate kulipima kwa kila dalili nitakayoileta: kwamba maumbile humpa mtu mwelekeo, na malezi na mazoea huukuza au huupunguza mwelekeo huo, lakini thamani yake, yaani kuitwa sifa au kuitwa aibu, haimo katika damu wala katika ubongo, hutoka mahali alipo mtu na kazi anayodaiwa kuitenda.

Habari ya kuzitafutia tabia asili yake mwilini ni kongwe. Matabibu wa Kiyunani, tangu zama za Hippocrates, walinena kuwa mwili huendeshwa na maji manne, nayo ni damu, balghamu, safura ya manjano na safura nyeusi. Na Galen, tabibu aliyezaliwa Pergamon yapata mwaka 129 na kufanya kazi Roma, akayafungamanisha maji hayo na hali za nafsi, hata ikawa aliyezidiwa na damu ni mchangamfu, aliyezidiwa na balghamu ni mzito na mtulivu, aliyezidiwa na safura ya manjano ni mwepesi wa hasira, na aliyezidiwa na ile nyeusi ni mtu wa huzuni. Elimu hiyo ilihifadhiwa na kuongezwa na ulamaa wa Kiislamu, na mashuhuri wao katika utabibu, Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliieleza kwa urefu katika kitabu chake, Qanun; na kwa njia ya vitabu vya Kiarabu ikafika hata mwambao wetu, ambako waganga wa kitabu walipima mizaji ya mgonjwa kwa joto na baridi, kwa ukavu na unyevu, kabla ya kumpa dawa au kumkataza chakula. Hakuna tabibu wa leo apimaye hasira kwa safura. Lakini ndani ya dhana ile mlikuwamo mambo mawili ambayo wakati haukuyafuta, kwamba tofauti za tabia zina mizizi mwilini, na kwamba uzima ni mizani, wala si kuwa na kitu kimoja na kukosa kingine.

Aliyeyatoa mambo haya katika dhana na kuyaingiza katika maabara ni Mrusi Ivan Pavlov, mzaliwa wa Ryazan mwaka 1849, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 si kwa habari za nafsi bali kwa uchunguzi wake wa namna chakula kinavyosagwa tumboni. Wengi wamesikia jinsi alivyowazoeza mbwa kutokwa na mate kwa mlio uliotangulia chakula. Ni wachache waliosikia kwamba jambo lililomshughulisha zaidi uzeeni mwake ni kuwa mbwa hao hawakufundishika kwa namna moja. Mbwa aliyekuwa akirukaruka uani na kumnusa kila apitaye, alipofungwa peke yake juu ya meza ya majaribio, mahali pasipokuwa na jipya, alisinzia upesi. Na mwingine aliyeingia akinywea, mkia kati ya miguu, alipokwisha kukizoea chumba aligeuka kuwa mfanyakazi mwaminifu, majibu yake yakihesabika kwa tone. Pavlov akahitimisha kwamba mifumo ya fahamu hutofautiana kwa mambo matatu: nguvu zake, mizani baina ya kuchochewa na kujizuia, na wepesi wake wa kutoka hali moja kwenda nyingine, na kwa mambo hayo matatu akazirudia, kwa njia mpya, zile aina nne za Wayunani.

Tarehe 23 Septemba 1924 mto Neva ulifurika mjini Leningrad, maji yakaingia katika mabanda ya mbwa, na watumishi hawakupata njia ya kuwaokoa ila kwa kuwazamisha vichwa ili wapite katika vilango vilivyokwisha kufunikwa na maji. Hofu ilikuwa moja kwa wote. Lakini kazi ilipoanza tena ilionekana kuwa wengine walirejea mezani bila ya kasoro, na wengine walikuwa wamepotewa na yote waliyofundishwa. Mmoja wao alipokwisha kutengenea, Pavlov alipitisha maji kidogo chini ya mlango wa chumba cha majaribio, na mafunzo ya mbwa yule yakavurugika mara ya pili. Na isidhaniwe kwamba mtaalamu huyu aliuona urithi peke yake, kwani katika maabara zake waligawanywa watoto wa mbwa wa mama mmoja, nusu wakakuzwa vizimbani na nusu wakaachwa huru, na wale wa vizimbani wakakua waoga wa kila kitu kipya, hata wale ambao mifumo yao ya fahamu ilipimwa ikaonekana ina nguvu. Uoga, kwa hivyo, ulikuwa na milango miwili ya kuingilia, na kwa kumtazama mbwa tu usingeweza kujua alipitia upi.

Fikra hizi zilichukuliwa na kupelekwa kwa binadamu, kwa hesabu na vipimo, na Hans Eysenck, aliyezaliwa Berlin mwaka 1916, akaihama Ujerumani ya Hitler mwaka 1934, akakaa London na kufanya kazi katika Hospitali ya Maudsley. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1947 alisema kuwa wingi wa maneno tunayoyatumia kwa tabia za watu waweza kupangwa juu ya mistari miwili: wa kwanza unatoka kwa mtu anayeelekea nje, apendaye watu na shughuli, hadi kwa mtu anayeelekea ndani, apendaye utulivu na fikra, na wa pili unatoka kwa aliye imara wa moyo hadi kwa aliye mwepesi wa kufadhaika. Miaka 20 baadaye alitoa sababu ya kimwili. Giuseppe Moruzzi na Horace Magoun walikuwa wameeleza mwaka 1949 juu ya wavu wa neva ulio katika shina la ubongo, kazi yake kuuamsha ubongo na kuuweka macho. Na Eysenck akadai kwamba wavu huu, kwa mtu wa ndani, huwaka kwa wepesi zaidi, kwa hiyo makelele yanayompendeza mwenziwe kwake yeye huwa yamepita kiasi, ilhali mtu wa nje, ambaye ubongo wake hauamki upesi, hulazimika kuyatafuta makelele hayo ili ajione yu hai.

Dai hilo lilijaribiwa, katika miaka ya 1960, kwa limau. Huchukuliwa kijiti chenye pamba ncha zote mbili, kikafungwa uzi katikati ili kining'inie sawa. Ncha moja ikawekwa mdomoni mwa mtu kwa sekunde 20. Kisha akadondoshewa matone manne ya maji ya limau juu ya ulimi, na ncha ya pili ikawekwa mahali pale pale kwa muda ule ule. Kijiti kikitolewa na kuning'inizwa kwa uzi wake, kwa watu wa nje aghalabu hubaki karibu na usawa, na kwa watu wa ndani ncha ya pili, iliyolowa mate zaidi, huinama. Utafiti uliofuata haukuithibitisha nadharia yote: watu wa ndani hawakuonekana daima kuwa macho zaidi wanapokaa kimya, ila huonekana kuitikia kwa nguvu zaidi wanapoguswa na kitu. Na insafu inanilazimu kuongeza kwamba mwaka 2019 King's College London ilitangaza kuwa maandishi 26 ambayo Eysenck aliyaandika pamoja na mwenzake juu ya tabia na maradhi ya saratani na moyo si ya kutegemewa. Nimelitaja hili kwa sababu, katika elimu yenye kishawishi kikubwa namna hii cha kumpiga mtu muhuri, jina la mtaalamu si dalili, na dalili ya mara moja haitoshi.

Baada ya Eysenck mistari imeongezeka. Gordon Allport na Henry Odbert walikuwa wamekwisha kulichambua kamusi kubwa la Kiingereza mwaka 1936 na kutoa humo maneno 17,953 ya kuelezea watu. Na waliowafuata, kwa kuyapunguza maneno hayo kwa hesabu, wakafikia mafungu matano ambayo leo ndiyo yanayotumika zaidi vyuoni: upokeaji wa mambo mapya, uangalifu wa kazi, uchangamfu, upole na watu, na wepesi wa kufadhaika. Mafungu hayo yana manufaa, lakini yasipewe hadhi ya sheria za maumbile, kwani yalipopimwa kwa Watsimane wa Bolivia, wakulima na wawindaji wa msituni, katika utafiti uliotolewa mwaka 2013 kwa watu wazima 632, hayakujitokeza kwa sura ile. Na uchunguzi wa maneno ya tabia katika lugha ya Kimaa, uliochapishwa mwaka 2020, nao haukuyakuta yote matano katika mpango wa Ulaya na Marekani.

Sasa tuulize: mwelekeo huu hurithiwa? Jibu lililo wazi kuliko yote halikutoka kwa watu bali kwa mbweha wa Siberia. Mwaka 1959, huko Novosibirsk, mtaalamu wa urithi Dmitri Belyaev, akisaidiwa na Lyudmila Trut, alianza kuwachagua mbweha waliofugwa kwa ajili ya manyoya yao kwa kipimo kimoja tu, nacho ni namna walivyoupokea mkono wa mtu ulioingizwa katika tundu: waliong'aka na kuuma waliachwa, na wachache walioustahimili ndio waliozalishwa, kizazi baada ya kizazi. Kabla ya vizazi kumi kwisha walipatikana watoto waliotikisa mkia kwa kumwona mtu, wakalia wapate kuguswa, na kumlamba mikono mlishaji wao. Na ili isisemwe kwamba ni mama mpole aliyewafunza upole, Trut alihamisha viinitete kutoka kwa mbweha wakali na kuvitia matumboni mwa mbweha wapole, na kinyume chake. Na watoto walipozaliwa wakafuata hulka ya mama aliyewatunga mimba, si ya yule aliyewazaa na kuwanyonyesha.

Kwa binadamu hatuna ruhusa ya kufanya hivyo, na ni heri hatuna. Ndipo wataalamu wakawategemea mapacha. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Thomas Bouchard alianza mwaka 1979 kuwakusanya mapacha waliotenganishwa utotoni na kulelewa na watu mbalimbali, na katika miaka 20 iliyofuata alipima zaidi ya jozi 100. Na ilionekana kuwa mapacha wa yai moja waliokulia mbali mbali walifanana kwa tabia karibu sawa na wale waliokulia nyumba moja. Kwa jumla ya tafiti za namna hii, sehemu ya urithi katika tabia huwekwa baina ya asilimia 40 na 50. Tarakimu hiyo hufahamika vibaya mno. Haisemi kwamba asilimia 40 ya haya ya binti yako imetoka kwa bibi yake na iliyobaki imetoka shuleni. Inasema kwamba katika kundi lile la watu waliopimwa, karibu nusu ya tofauti iliyo baina yao hufuatana na tofauti za urithi wao. Mkiwalea watu wote kwa namna moja, sehemu ya urithi itapanda, wala si kwa kuwa damu imepata nguvu, bali kwa kuwa tofauti za malezi zimeondoka. Mkiwalea kwa namna zinazohitilafiana sana, itashuka. Ni hesabu ya kundi, katika mahali na wakati wake, na aitumiaye kumhukumia mtoto mmoja ameiondoa mahali pake.

Kwa muda mfupi walitokea waliodhani kuwa urithi huo utaonekana katika jeni mojamoja. Mwaka 1996 ilitangazwa, na wataalamu wa Israeli na wa Marekani, kwamba aina fulani ya jeni ya kipokezi cha dopamini, kemikali ipelekayo habari ubongoni, hupatikana zaidi kwa watu wapendao mambo mapya. Magazeti yakashangilia, na wengine waliporudia vipimo matokeo yakawa huku ndiyo, kule siyo. Leo yafahamika kwamba tabia huguswa na jeni nyingi mno, kila moja ikichangia kiasi kidogo kisichotosha kumtambulisha mtu.

Anayetaka kuona hulka ikianza kutenda na atazame kazi aliyoifanya Jerome Kagan wa Harvard kwa watoto wa miezi minne. Mtoto hukalishwa katika kiti chake. Mbele ya macho yake hupitishwa vidude vya rangi vinavyoning'inia. Chini ya pua yake husogezwa kijiti cha pamba kilichochovywa spiriti. Na sauti ya mtu asiyeonekana husikika kutoka katika kinasa sauti. Hapana maumivu wala kitisho, ila ugeni tu. Mmoja katika kila watano hurusha mikono na miguu, huukaza mgongo, kisha hulia. Wawili katika kila watano hukaa wakitazama, pengine wakicheka. Wale wa kwanza, walipofikia umri wa miaka miwili na zaidi, walikuwa aghalabu ndio wanaojificha nyuma ya mama mgeni aingiapo. Na katika utafiti uliotolewa mwaka 2003, watu wazima waliokuwa na haya na woga wa namna hiyo walipokuwa na umri wa miaka miwili walipoonyeshwa picha za nyuso wasizozijua, amigdala zao, yaani sehemu ndogo ndani ya ubongo yenye kazi ya kuamsha tahadhari, ziliitikia kwa nguvu kuliko za wenzao. Lakini Kagan mwenyewe hakuacha kukumbusha kwamba wengi wa watoto wale hawakukua waoga kupita kiasi. Lililokuwa nadra ni wao kugeuka kuwa wacheshi wasiojali kitu. Hulka, kwa hesabu yake, huonyesha vizuri zaidi mtu hatakuwa nani kuliko atakuwa nani.

Nimeuacha kwa makusudi upande wa pili wa hoja hata sasa, nao ni wa wale wanaosema kwamba tabia ni jina tu, na kilichopo ni matendo katika nyakati zake. Hoja yao haiwezi kudharauliwa. Hugh Hartshorne na Mark May, katika kitabu chao cha mwaka 1928, walieleza jinsi walivyowapa zaidi ya wanafunzi 10,000 wa Marekani nafasi za kudanganya wakidhani hawaonekani: kusahihisha karatasi zao wenyewe, kutoa habari za michezo waliyoicheza peke yao, kushika fedha zisizohesabiwa. Mtoto aliyedanganya darasani hakuwa lazima ndiye aliyedanganya uwanjani, na mwaminifu wa fedha hakuwa lazima mwaminifu wa hesabu. Mwaka 1968 Walter Mischel, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani utotoni kwa kuwakimbia Wanazi, akazikusanya dalili za namna hii na kuonyesha kwamba uhusiano baina ya tabia ya mtu iliyopimwa kwa maswali na tendo lake katika saa fulani haukuzidi sana 0.30, pale ambapo 1 ingekuwa ulinganifu kamili. Kwa miaka kadhaa ilionekana kana kwamba elimu ya tabia imefiwa.

Waliojibu walijibu kwa mambo mawili. Kwanza, tendo moja ni ushahidi hafifu kwa kila upande. Ukizikusanya siku nyingi za mtu mmoja, wastani wake hutulia na kujirudia, na hapo hulka huonekana. Jibu la pili alilitoa Mischel mwenyewe pamoja na Yuichi Shoda, kutoka katika kambi ya watoto iitwayo Wediko, huko New Hampshire, ambako kwa wiki nyingi wasimamizi waliandika kila mtoto alifanya nini alipochokozwa na mwenzake, aliposifiwa na mkubwa, alipokaripiwa na mkubwa. Tuwafikirie wavulana wawili walio sawa kwa jumla ya ugomvi wao. Ukiuliza ni lini waligombana, wa kwanza ni kondoo kwa wenzake wote lakini huwaka mara mkubwa anapomwonya. Wa pili humtii mkubwa na kumpiga kila mwenzake anayemsogelea. Jumla imewafanya kitu kimoja, na daftari limewaonyesha kuwa ni watoto wawili wasiofanana hata kidogo. Na mtindo huo wa kila mmoja, wa kuwa hivi panapokuwa hivi na vile panapokuwa vile, ulijirudia wiki hata wiki, kwa hiyo nao ni tabia, tena tabia iliyo kamili zaidi kuliko neno moja la mkali au mpole.

Hapa ndipo mahali palipoingia katika hesabu, na ndipo ninapolifikia neno nililoanza nalo. Alexander Thomas na Stella Chess walianza mwaka 1956, mjini New York, kufuatana na watoto tangu wakiwa wachanga, na wakawagawa mafungu: takriban asilimia 40 wepesi wa kulea, asilimia 10 wagumu, asilimia 15 wazito wa kuzoea, na waliobaki mchanganyiko. Kisha wakaona kuwa mtoto kuwa mgumu hakukutosha kuleta matatizo. Matatizo yalikuja pale hulka yake ilipogongana na yale nyumba yake iliyoyataka. Katika jamaa za Kipuerto Riko walizozichunguza, mtoto asiye na saa ya kulala hakuwa shida ya mtu yeyote, kwani wazazi walimwachia alale akitaka; akawa shida alipofikia umri wa shule, na kengele ya asubuhi ikamtaka aamke. Mtoto hakubadilika, saa ya nyumbani ndiyo iliyobadilika.

Dalili iliyo kali zaidi imetoka kwetu, katika Kenya, tena si kwa furaha. Katika miaka ya 1970, wakati wa ukame mkubwa, tabibu wa maradhi ya akili Marten deVries alikuwa akipima hulka za watoto wachanga wa Kimasai kwa vipimo vya Thomas na Chess. Aliporudi kuwatafuta, ng'ombe wengi walikuwa wamekufa na jamaa zimetawanyika. Na katika watoto wachache alioweza kupata habari zao, wengi wa wale wepesi, watulivu, ambao kila mlezi wa New York angewaombea dua, walikuwa wamekufa, na wengi wa wale wagumu, walizi wasiotulizika, walikuwa hai. Idadi ilikuwa ndogo, na hatupaswi kuijengea zaidi ya iwezavyo kubeba. Lakini sababu aliyoielekezea haifichiki, kwamba panapokuwa na maziwa machache, aliaye ndiye anyonyeshwaye. Na kaskazini ya nchi hiyo hiyo, kwa Waariaal, utafiti uliotolewa mwaka 2008 ulikuta kuwa ile aina ya jeni ya dopamini niliyokwisha kuitaja ilifuatana na afya bora ya mwili kwa wanaume wanaohamahama na mifugo, lakini na afya duni kwa ndugu zao waliokwisha kuweka makao vijijini: jeni moja, kabila moja, neema huku na hasara kule.

Baharia hamuulizi fundi kama ngalawa ni bora kuliko jahazi. Humuuliza inakwenda kwenye maji gani, kwani chombo kinachopita salama juu ya mwamba maji yakitoka hakitafika Bombay, na kinachofika Bombay kitapasuka juu ya mwamba. Hulka nazo ndivyo zilivyo. Mtoto asiyetulia kitini huenda akawa ndiye wa kwanza kuona moshi. Mzito wa kuzoea watu huenda akawa ndiye asiyedanganywa na mgeni. Mwepesi wa kufadhaika huukagua mlango mara mbili, na siku moja ukakutwa haukufungwa.

Sisemi kwamba kila tendo lisamehewe kwa hulka ya mtendaji. Hasira ni mwelekeo, na kumpiga mtu ni tendo. Na baina ya viwili hivyo ndipo penye kazi ya malezi, ambayo hatuna dalili ya kuikatia tamaa, maana hata bila ya mwalimu watu wengi, kutoka umri wa miaka 20 hata 40, huongezeka uangalifu na hupungua fadhaa. Ninalolisema ni kwamba kazi hiyo ina sehemu mbili, nasi tumezoea kuifanya moja. Tunajua kumshurutisha mtoto afuate mahali. Hatujui bado kupatengeneza mahali pamfae mtoto, ingawa mara nyingi hilo ndilo rahisi. Mwenye haya akipewa swali jioni ili alijibu asubuhi, atajibu. Asiyetulia akipewa kazi ya kugawa vitabu, miguu yake itapata halali yake. Mzito wa kuzoea akiambiwa mapema kwamba kesho darasa litahama, hatahitaji kulia. Hapo hajabadilishwa mtu, na mafunzo yamepatikana.

Nina ombi kwa walimu, nalo ni dogo. Mwisho wa kila muhula tunawaandikia wazazi ripoti, na katika nafasi ya tabia tunatia neno moja: mtundu, mpole, mzito, mkaidi. Neno hilo humfuata mtoto darasa hata darasa, na mwalimu mpya huliamini kabla hajamwona mwenyewe. Tuliache neno lile, na badala yake tuandike sentensi moja yenye wakati na mahali: kwamba huyu hugombana saa ya michezo na si darasani, kwamba yule hunyamaza mbele ya wengi na husema akiwa na wawili. Itatuchukua dakika chache zaidi kwa kila mtoto, na mzazi atakayeisoma, badala ya kupewa hukumu asiyoweza kuifanyia kitu, atakuwa amepewa pa kuanzia.